Chai Niliyoigawa Kwenye Filamu Yako

Ndugu Mwongozaji wa Filamu,

Natumaini wewe na kamera yako hamjambo. Mimi ndiye yule mwanamume mwenye tai ya bluu na sinia la chai kwenye filamu yako ya maisha ya mjini, ile isiyo na neno hata moja. Kila aliyeitazama anajua mimi ni mpeleka chai. Ndugu yangu, mimi ni meneja wa ugavi! Nina ofisi yenye kiyoyozi na mlango unaofungwa kwa ndani. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Ofisini kwetu, anayechelewa kikao cha Jumatatu ndiye anayegawa chai. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, kwa ajili ya wengine. Siku uliyokuja, nikachelewa. Sentensi moja tu ingenisafisha, lakini wewe ukaona maneno ni anasa.

2. Wakati nahangaika na vikombe, tarishi wetu anaonekana amejimwaga kwenye kiti changu, anazunguka kushoto, anazunguka kulia. Alikuwa anajaribu gurudumu alilotoka kulitengeneza. Sasa mtaani kwake wanamwita Bosi, naye anaitika.

3. Mfagizi anapita mbele yangu bila hata kunitazama. Kwa kawaida hunisalimu vizuri sana. Siku hiyo alikuwa anaumwa jino, na jino halionekani kwenye filamu.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Nimepeleka posa mahali, na mwanamke mwenyewe bado anafikiria. Shangazi yake, ambaye ndiye mshauri wake mkuu, aliiona filamu ukumbini akainuka katikati, akawageukia washenga wangu: "Nyie si mlisema meneja? Mbona anatumwa chai?" Tangu hapo simu zangu hazipokelewi. Nampenda yule mwanamke hadi naona aibu kuandika.

Kwa hiyo naomba uweke maandishi chini ya picha yangu: HUYU NI MENEJA. Ikishindikana, mtu mwenye sauti nzito aseme. Ikishindikana hilo pia, piga upya filamu nzima, na kila mkazi wa mji avae kibao kifuani chenye cheo chake, kuanzia wanaopanda lifti hadi wanaoisugua, ili mtu asije akapendwa au kudharauliwa kwa makosa.

Nisalimie mpiga picha aliyenichukua upande wa kipara, mshika taa, dereva wenu, na fundi wa sauti, kama mnaye.

Wako niliyeonewa,
Meneja wa Ugavi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, yule mwanamke amepiga simu mwenyewe. Anasema alikuwa anasita kwa sababu kila tukikutana mimi huongea, yeye hubaki kusikiliza. Kwenye filamu ameniona kwa mara ya kwanza nimefunga mdomo, nampa mtu kikombe na kumsubiri anywe. Amekubali! Shangazi amenuna, atazoea. Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nikayameza, nikasema asante. Tafadhali filamu usiiguse, usiongeze hata neno moja.