Harerimana na Vita vya Miwani ya Padre

Enyi wachuma buni wa Nyakakika, tueni vikapu. Nanyi mlio kwenye pombe ya ndizi, iachieni mirija kidogo, kwa maana nawaletea habari za vita vilivyopiganwa mchana kweupe gulioni Ndama, mwaka 1986, na mshindi wake hakushika mkuki wala upinde, bali alikuwa na meno ishirini na saba tu.

Shujaa ni Harerimana bin Nsabimana, mpalizi wa migomba ya wenzake, aliyelima bustani ya misheni miaka kumi na mmoja, hata padre alipokuwa akirudi kwao akamvika miwani yake ya jua, ya kioo kizito, yenye jina la kiwanda kwenye mkono wa fremu kwa herufi za dhahabu. Jumamosi iliyokuwa ikija angemtoa binti yake Vestina aolewe Rugu, na alijijua kuwa atalia. Mwanamume aliyelia harusini huchekwa hadi kwa wajukuu. Miwani ile ndiyo ngao yake.

Ikalegea skrubu. Akampelekea Egbert, mchuuzi wa gulioni, jemadari wa kikapu cha miwani arobaini, naye akageuka, akakaza, akarudisha. Harerimana alipoivaa, pua ikamwambia kwamba mzigo umepungua.

"Bwana Egbert," akanguruma, "nimekukabidhi chuma, nawe wanirudishia bua. Nipe ngao yangu."

"Shikamoo, mzee wangu," akajibu Egbert kwa upole wa mwizi. "Herufi za dhahabu si hizi hapa? Miwani yangu yote ni orijino, imevuka mito na mipaka. Kama una shaka, chagua uitakayo mbele ya mashahidi hawa."

Mashahidi wakacheka, maana walijua Harerimana hasomi. Lakini buni aliijua. Kila msimu alimwona mnunuzi wa chama cha ushirika akitia punje kinywani: iliyokauka hugoma, mbichi hubonyea. Basi akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akang'ata.

Mkono wa miwani ya kwanza ukakatika. Wa ya pili ukafuata. "Feki," akatangaza, akitema plastiki kama mla samaki atemavyo miiba, akanyoosha mkono kwa ya tatu. Ilipofika ya tisa gulio zima lilikuwa likihesabu kwa sauti.

"Mzee, utanimalizia kikapu," Egbert akalia.

"Umesema yote ni orijino, mwanangu. Orijino haiogopi jino."

Akaokota ya kumi. Hapo Egbert akatia mkono katika mfuko wa shati lake mwenyewe, akaitoa miwani ya padre. Harerimana hakuamini mtu tena, akaing'ata nayo. Ikagoma, na jino moja likabaki uwanjani.

"Ndiyo hii," akasema, akapangusa damu.

Jumamosi Vestina akapiga magoti kumuaga baba. Ngao ikasimama imara, ikayaficha macho yote mawili. Ila machozi yakapita chini yake, yakalowesha koti mpaka kifungo cha pili. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja wa Rugu alisema aliyeng'ata adui tisa ana haki ya kulia. Na hata leo, mtoto wa mwaka ule akiulizwa umri wake, mama humjibia kwamba alizaliwa mwaka ilipong'atwa miwani.