Habari za Ijumaa, Zilizoandikwa Jumanne

Jumatatu, 6 Mei

Siku njema kuliko zote tangu muhula uanze! Mwalimu mkuu msaidizi amestaafu. Tulimuaga Ijumaa iliyopita, nikalia kwa sauti kuliko wote, kisha nikapita ofisini kwake kuangalia kiti. Kipo. Kiti pekee chenye mikono shule nzima. Sisi wengine tunakalia vya plastiki, na changu kina ufa unaonifinya paja kila nikicheka. Ndiyo maana nasifika kuwa mtu makini.

Mkuu, mama ambaye miwani yake hukaa kwenye paji la uso kutwa nzima, ametuambia mkaguzi wa elimu atakuja wiki ijayo. Kabla hajaondoka atapewa jina la msaidizi mpya. Jina moja. Walimu tuko sita. Wanne hawataki makuu. Tumebaki mimi, miaka ishirini na miwili kazini, na mwalimu wa hisabati, tunayemwita Rula kwa sababu haiachi rula yake hata akienda kunywa chai. Ana miaka minane tu. Mbichi kabisa! Hufika shuleni kabla milango haijafunguliwa. Kujipendekeza huko.

Mwisho wa kikao Mkuu akasema anataka wazazi wawe wanapata karatasi ya habari za shule kila Ijumaa. Nani ataandika? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza. Rula akanipigia makofi. Maskini, hajui. Mwenye kalamu ndiye mwenye shule.

Mama watoto kaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu mezani. Nikamwambia aanze kuniita Msaidizi, azoee. Akasema msaidizi anamhitaji kweli, vyombo viko pale.

Jumanne, 7 Mei

Karatasi imekamilika! Habari zote za wiki, hadi za Ijumaa.

Asiye mwalimu atashangaa. Mwalimu hashangai. Andalio la somo lina sehemu ya mwisho iitwayo tathmini, ambapo unaeleza somo lilikwendaje. Sote huijaza Jumapili, tukiwa nyumbani, miguu juu ya kigoda. "Somo limefundishwa vizuri, wanafunzi wengi wameelewa." Wanafunzi wangu wamekuwa wakielewa kabla hawajaingia darasani kwa miaka ishirini na miwili! Mkuu husaini, mkaguzi huweka alama ya vema, maisha yanaendelea. Kwa nini habari ziwe tofauti?

Basi nimeandika hivi. Kwanza, kuku wa darasa la nne ameangua vifaranga kumi na wawili. (Amelalia mayai kumi na mawili. Kuna hesabu gani hapo?) Pili, Ijumaa saa nne asubuhi shule ilifungua maktaba mbele ya wazazi waliofurika. Rafu imara zilitengenezwa na fundi seremala wetu hodari. Vitabu vilitolewa na wazazi wenye moyo. Yote kwa juhudi za mwalimu mmoja shupavu, ambaye kwa unyenyekevu hakutaka kutajwa.

Maktaba yenyewe ni ile stoo ya majembe. Ufunguo ninao mimi. Alhamisi nitafagia, nitapanga vitabu vichache vya darasani juu ya dawati bovu, Ijumaa mzazi mmoja au wawili watapita, na habari itakuwa kweli. Karatasi itagawiwa jioni yake. Kazi kwisha.

Nikaona si vizuri kumwacha Rula nje kabisa, watu watasema nina kijicho. Nikamwekea mstari wa mwisho: "Mwalimu wa hisabati anaendelea vizuri, na tunazidi kumwombea." Nani atampa cheo mtu anayeombewa? Na hakuna uongo hapo hata chembe. Anaendelea vizuri. Kumwombea nitamwombea.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwisha!

Mkuu alisaini karatasi asubuhi, miwani ikiwa palepale kwenye paji la uso. Hakusoma hata kichwa cha habari. Karani akaenda kutoa nakala. Mashine inapelekwa kwa fundi Ijumaa, hivyo akazitoa leo. Na kwa kuwa zilikuwa tayari, hakuona sababu ya kukaa nazo. Saa nane watoto wote mia moja arobaini na watatu wameondoka nazo kwenda nyumbani. Nikawakimbiza. Mtoto wa shule akisikia kengele ya kutoka hakimbiziki! Nimeambulia nakala nne, mojawapo ilishageuzwa kuwa ndege.

Saa kumi fundi seremala akabisha hodi. Msumari mdomoni, karatasi mkononi. Alitaka kujua huyo fundi hodari ni nani, aliyepewa kazi ya shule wakati yeye yupo na watoto wake watatu wanasoma papo hapo. Nikamwambia ndiye yeye. Akasema hajatengeneza rafu yoyote. Nikamwambia Ijumaa bado. Akautoa msumari mdomoni. Akanitazama weee. Mwishowe akaniuliza ukuta una urefu gani. Nikasema wa kawaida. Akaondoka akitikisa kichwa.

Mama watoto ameisoma mara mbili. Kasema majirani wameshaanza kupiga pasi nguo za Ijumaa, kwa kuwa karatasi imesema wazazi walifurika na hakuna anayetaka kuwa yule ambaye hakufurika. Kisha akaniuliza huyo mwalimu shupavu ni nani, akamjue. Hamu ya kula imeniishia. Nimekula sahani mbili tu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefungua stoo. Majembe, madawati yaliyovunjika, wavu wa goli. Na juu ya wavu wa goli, kuku! Kumbe ndimo anamoatamia, huingia kwa dirisha lisilo na kioo. Nikajaribu kumhamisha kwa upole. Amenidonoa kidole gumba mara tatu. Nikageuka, darasa la nne zima limejipanga mlangoni. Kiranja wao, msichana mwenye sauti ya hakimu, akasema shikamoo mwalimu, huyo haguswi. Nikaitikia marahaba. Hagusiki kweli.

Huku nje, msiba mwingine. Tangu asubuhi wazazi wanamiminika kumpa Rula pole. Machungwa. Sukari. Maziwa. Blanketi! Bibi mmoja kamshika paji la uso mbele ya darasa la sita, akaagiza asisimame sana. Rula anawaambia haumwi. Wanamwambia wagonjwa wote husema hivyohivyo. Kufikia mapumziko meza yake haionekani kwa machungwa. Mimi, miaka ishirini na miwili, niliugua malaria siku tisa, sikuletewa hata ndimu!

Ndipo mtu akamwonyesha Rula karatasi. Akaja stoo. Nilikuwa nyuma ya mlango, si kwamba nilijificha, nilikuwa nafagia hapo. Akausoma ule mstari wa mwisho kwa sauti, pole pole. Nikangoja kiama. Akacheka! Alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la majembe. Kisha akafuta machozi, akatoa rula, akapima ukuta wote rula kwa rula: mita nne na sentimita kumi. Akamtuma mtoto ampelekee fundi kipimo. Akaniambia, mwalimu mwenzangu, acha kusimama hapo, shika upande ule. Tumebeba madawati na majembe hadi saa kumi na moja jioni.

Kuku amebaki. Rula amehesabu siku kwenye kalenda, anasema ya ishirini na moja ya kuatamia ni kesho. Akanipa na chungwa. Tamu kweli. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ijumaa, 10 Mei

Ee Mola, siku gani hii!

Saa mbili fundi seremala kafika na rafu juu ya mkokoteni. Mbao zinanukia bado. Ameacha kitanda cha harusi hakina miguu, na bwana harusi mwenyewe ndiye aliyesukuma mkokoteni. Fundi anasema hawezi kuitwa hodari kwa kazi ambayo hakuifanya, watu watamcheka. Rafu zimeingia ukutani bila kubaki hata upenyo wa kidole. Rula akapitisha rula yake juu, akaridhika.

Saa tatu wazazi. Wamefurika! Kila mmoja na kitabu, maana karatasi ilisema wenye moyo, na nani atakubali kuonekana hana moyo mbele ya jirani? Maelekezo ya cherehani. Kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Jinsi ya kufuga nyuki. Riwaya iliyong'oka ukurasa wa mwisho, mwenyewe akaahidi kumsimulia atakayefika hapo. Rula akahesabu: sabini na nane.

Saa nne kasorobo, mkaguzi! Wiki nzima kabla ya siku yake! Dada yake ana mtoto darasa la pili, karatasi imemfikia. Akauliza mbona hakualikwa. Nikamwambia barua iko njiani.

Utepe hatukuwa nao. Tulifunga bendeji ya sanduku la huduma ya kwanza, mkaguzi akaikata, vigelegele vikapasua anga. Watu wakaingia mpaka rafu zikaguna. Na pale kwenye kona, juu ya wavu wa goli, vifaranga! Darasa la nne wakaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi na mmoja. Mama mmoja akakunjua karatasi, akasema hapa pameandikwa kumi na wawili. Watu wote wakakunjua karatasi zao. Yai moja limebaki, limetulia kama jiwe.

Mkaguzi akachuchumaa na suti yake. Watu mia mbili, ndani na dirishani, wanalitazama yai. Nikaomba. Sijaomba hivyo hata siku ya kuposa. Kama hili ni uongo, yote yatakuwa uongo, na mimi na kile kiti basi tena. Mtu akaanza kuguna nyuma. Rula akasema subirini, siku haijaisha. Tukasubiri. Ufa mdogo! Ncha ya mdomo! Kichwa kilicholowa!

Kumi na wawili! Kelele zilizopigwa hapo sijazisikia tangu tuifunge shule ya bondeni mabao matano. Fundi kamkumbatia bwana harusi. Mimi nimemkumbatia mkaguzi. Mkuu aliruka juu, miwani ikateremka yenyewe machoni, na kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwake akaisoma kwa mara ya kwanza. Nilimwona akifika mstari wa mwisho. Alinitazama. Akamtazama Rula, ambaye bibi yule alikuwa anamlazimisha akae.

Mkaguzi akasema kwa kuwa yuko hapa tayari, apewe jina. Nikakohoa. Nikanyoosha kola. Mkuu akasema mwalimu ambaye kijiji kizima kinaacha mashamba kuja kumpa pole ya ugonjwa asiokuwa nao, huyo ni msaidizi tayari, bado karatasi tu. Rula!

Mstari wangu! Kalamu yangu mwenyewe! Watu wakashangilia, nami nikapiga makofi, mikono haina akili. Mimi nimeteuliwa mlezi wa maktaba. Na wa kuku.

Jumatatu, 13 Mei

Rula amekihamisha kiti chenye mikono. Kakipeleka maktaba! Anasema anayesoma ndiye anayehitaji kukaa vizuri, yeye plastiki inamtosha. Mlezi wa maktaba anaruhusiwa kukikalia pasipokuwa na msomaji. Nikashukuru sana. Nikakimbilia maktaba.

Msomaji yupo. Msichana wa darasa la pili, miguu haifiki chini, anasoma maelekezo ya cherehani na kucheka peke yake. Nikamuuliza hajachoka. Akasema hapana mwalimu, shikamoo. Saa tano nikarudi. Yupo mwingine, na nyuma yake foleni. Watoto thelathini ndani ya stoo ya majembe, hakuna anayepiga kelele, kurasa tu zinasikika, na vifaranga. Nimefurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nimefurahi mpaka nikatoka nje kidogo. Vumbi liliniingia macho yote mawili.

Mchana Mkuu kaniita, miwani ikiwa machoni, jambo la hatari. Amesema kuanzia sasa habari ziandikwe baada ya kutokea. Nikakubali kwa moyo wote. Akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza mengi sana.

Nimejifunza kwamba mashine ya nakala ipelekwe kwa fundi Jumatano.

Jumatano, 15 Mei

Karatasi ya wiki hii iko tayari. Fupi, safi. "Ijumaa, Mwalimu Mkuu wetu mpendwa aliagwa kwa heshima zote baada ya utumishi uliotukuka. Msaidizi wake amepanda kushika nafasi hiyo. Nafasi ya msaidizi imechukuliwa na mwalimu mmoja shupavu." Mkuu amebakiza miaka miwili, lakini ukipanga mapema huharakishwi. Kasaini asubuhi. Miwani imerudi kwenye paji la uso, nikajua dunia iko sawa. Nikamkabidhi karani kwa onyo kali: isitoke kabla ya Ijumaa jioni. Akaitikia kwa heshima zote.

Saa kumi hodi. Fundi seremala. Msumari mdomoni, karatasi mkononi. Anasema wazazi wameshakubaliana, Mkuu haondoki mikono mitupu, atatengenezewa kiti cha kupumzikia. Ameuliza kiwe na mikono au kisiwe nayo.

Nikamwambia kiwe nayo. Na Mkuu asisumbuliwe, kipimo achukue changu.