B Yangu Haina Kasoro

Jumatatu, 3 Februari
Bi Shamis, mkuu wa chuo kimoja hapa Waberi, mjini Garissa, anatafuta mwalimu mmoja tu wa matamshi ya Kiingereza. Tumebaki wawili: mimi Mutuku, na Gatwiri, mwanamke wa Meru mwenye tabasamu nisiloliamini. Alhamisi tunapimwa kwa wanafunzi wetu. Nikikosa, narudi kwetu Ukambani, Kitui, kuchunga mbuzi wa shemeji.

Leo tumefanya P. Wanafunzi wangu huigeuza B. Nimewashikisha karatasi mbele ya midomo. Ikiruka, hiyo ni P. Ya Khalif imeruka papo hapo. Papo hapo! Nani anamfundisha kwa siri?

Jumanne, 4 Februari
Abshiro, mwanafunzi wangu auzaye maziwa ya ngamia, kaniletea chai. Bure. Kwa nini bure? Nikamwuliza kama anamjua Gatwiri. Akasema ni mteja wake. Ahaa! Chai sikuigusa. Baadaye kiu ikanishinda, nikaimaliza.

Kisha B. Nikawaamuru wanifuate mimi tu, wasimsikilize mtu mwingine. Khalif akasema nisijali: kwenye dugsi, chuo chao cha Kurani, walizoeshwa kufuata mdomo wa maalim bila kuongeza wala kupunguza. Safi sana.

Jumatano, 5 Februari
Nimepanda mtungi wa plastiki kuchungulia darasa la Gatwiri. Wanakaa kimya wanasikiliza. Uvivu mtupu! Mtungi ukateleza, nikaanguka puu. Gatwiri akatoka, akanipa pole, akanikaribisha ndani. Alijuaje kwamba nipo?

Alhamisi, 6 Februari
Balaa! P zilitoka vizuri, nikaanza kujiona nimeshaajiriwa. Zikaja B. Kila moja ikaja na M mbele yake. “Mbig mbrown mbag!” Darasa zima, kwa sauti moja, Wasomali watupu! Bi Shamis akaniuliza kwa upole vijana hawa wamekulia wapi. Nikamwambia hapa hapa Garissa, na kwamba wamehujumiwa. Khalif akaapa wallahi, amefuata mdomo wangu tu. Uongo mchana kweupe!

Usiku Abshiro amepiga simu kuniomba radhi kwa niaba ya wenzake. Mtu asiye na hatia huomba radhi ya nini?

Jumatatu, 10 Februari
Kazi kapewa Gatwiri. Roho imeniuma, machozi yakanilengalenga mbele za watu. Bi Shamis akanihurumia: nikae darasani kwa Gatwiri mwezi mmoja, kisha atanipima upya. Eti nijifunze! Nimekubali, ili nipeleleze vizuri. Nimekaa mbele, karibu na Khalif, ambaye kanisogezea kiti kwa heshima nyingi mno.

Gatwiri akaniomba nitamke B. Nikaitamka kwa ustadi wangu wote. Akairekodi kwa simu yake, akanisikilizisha.

Sasa nimemkamata. Ile simu yake ndiyo inayotia M.