Mke Wangu Jukwaani, Baba Yangu Benchi la Mbele

Alhamisi, 2 Agosti 1956

Nimekwisha! Chama cha kina mama hapa Masimba kinaandaa mchezo wa kuigiza, utachezwa Jumapili ya tarehe 12 darasani. Mwanamke ana mume asiyelala nyumbani, naye anasema wazi, mbele ya watu wazima na akili zao, kwamba anamtaka. Kitandani! Atakayemwigiza ni Nyamusi. Nyamusi mke wangu. Mume wa mchezoni ana duka na analala humo akilinda sukari. Mimi nina duka. Nalala humo tangu Mei, wezi walipobeba gunia zima. Nalinda sukari. Watu watafikiri ni mimi. Na ni mimi!

Jumapili, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Zilpa, aliyetunga mchezo. Nikampa ushauri wa bure, kama mtu aliyefika darasa la sita. Nikamweleza kwamba mwanamke wa namna hiyo lazima mwishoni apigwe na radi, wasichana wapate funzo. Zilpa akauliza radi ya nini. Ameiba? Amemfuata mume wa mtu? Anamwita wake mwenyewe! Nikasema basi angalau augue kidogo. Akajibu kwamba kwenye mchezo wake mwanamke atapata anachokitaka, na asubuhi atakoroga uji akiimba, na kama sina la maana nimshikie mtoto. Nikamshika. Mtoto akanikojolea shati la kanisani.

Jumatano, 8 Agosti

Mume wa mchezoni ni Odero! Mume wa Zilpa, fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza ya duka langu mwenyewe! Alitoka huko ziwani na cherehani moja, na Kigusii chake bado kinachechemea, lakini ana kifua na sauti, na anajua kwamba anavyo. Nikasema kama kuna wa kuigiza mume wa Nyamusi ni mume wa Nyamusi. Nyamusi akakubali upesi hata nikashangaa.

Tukafanya mazoezi mchana. Akanitazama machoni akasema gunia halimkumbatii mtu, yeye ana mikono, na usiku unampita bure. Njoo, akasema. Macho yale! Nilikuwa nimesahau kwamba anayo. Nilitakiwa kujibu nakuja. Nikasema bei ya sukari imepanda.

Wote wakaangua kicheko. Odero amerudishiwa nafasi yake. Nyamusi peke yake hakucheka, na hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimepata dawa. Chinsoni! Ile haya yetu sisi Wagusii: mke wa mwana hatamki mambo ya chumbani masikioni mwa baba mkwe, hata akatwe kichwa. Nimetuma neno Nyamache kwa baba yangu, Mzee Machogu. Nimemwambia ni mchezo kuhusu kilimo cha kahawa. Nitamkalisha benchi la mbele. Nyamusi atamwona, atayameza maneno yote, nami sitakuwa nimemkataza mtu chochote. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Jumapili, 12 Agosti

Darasa limejaa mpaka madirishani. Baba benchi la mbele, kofia magotini, akiulizia kahawa. Kando yake nyanya yangu Nyanchera, ambaye sikumwalika. Mimi nyuma yao. Nyamusi akatokea. Akamwona baba. Kimya! Nimeshinda!

Kisha akanitazama mimi. Akainamisha kichwa kwa heshima na kusema kwamba mchezo huu una maneno ambayo baba wa mumewe hapaswi kuyasikia, nao watangoja mpaka atoke. Baba akasimama papo hapo. Akanigeukia, mbele ya watu wote, akaniamuru nikamweleze nje hiyo kahawa ni kahawa gani. Mtu hamkatalii babake. Nikatoka.

Mvua kubwa. Tukajikinga chini ya paa. Sauti ya Nyamusi ikatufikia dirishani, safi kabisa. Baba na mwana kusikiliza mambo hayo pamoja! Chinsoni inafunga pande zote, nami nilikuwa nimefikiria upande wake tu. Tukasogea. Bado tukasikia. Tukasogea tena, mpaka tukajikuta migombani, tumelowa chepechepe, kila mmoja akitazama jani lake. Huko darasani watu wanacheka na kupiga vigelegele. Baba hawezi kunisema kwa jambo lenyewe. Akakohoa sana. Mwishowe akauliza kama duka langu lina kufuli. Nikasema lipo. Akauliza lina kazi gani.

Jumatatu, 13 Agosti

Nyanya hana chinsoni na mjukuu, na hilo amelitumia vizuri. Kanisimulia yote bila kuruka neno. Nyamusi alisema mwili wake Mungu hakuuumba kwa ajili ya kubebea kuni tu. Alisema kumtamani mumewe si ugonjwa wala si dhambi, ni furaha yake. Wanawake walisimama, hata mke wa mzee wa kanisa. Nyanya akasema wao pia walikuwa hivyo hivyo zamani, ila hakuna aliyewajengea jukwaa. Akaniuliza kama sina habari kwamba nimeoa.

Nimefunga duka jua likiwa bado juu. Nikaenda nyumbani mbio, nikiogopa kwamba nimechelewa. Nyamusi alikuwa mlangoni. Akaniuliza bei ya sukari. Nikasema nakuja.

Mengine siandiki. Nina furaha mpaka naona aibu.

Alhamisi, 23 Agosti

Nalala nyumbani siku zote. Kufuli linafanya kazi. Nyamusi anakoroga uji akiimba. Na sasa kina mama wa Nyamache wanautaka mchezo wetu!

Leo nimekwenda mazoezini kama mshauri. Balaa! Nyamusi anasema anamtaka mumewe kama mtu aliyetoka mezani anavyosema ana njaa. Anatabasamu. Anasahau maneno. Alipofika penye usiku kumpita bure akacheka mwenyewe. Zilpa ameniuliza nimemfanya nini.

Sitakubali jina la mke wangu liharibike kwa sababu yangu. Nimebeba blanketi langu, nimerudi dukani mpaka mchezo wa Nyamache upite. Nimemweleza Nyamusi kwamba nafanya hivi kwa ajili yake. Akanitupia na mto wangu mlangoni. Naona ameguswa sana.