Serumu Dirishani

Jumatano, 13 Agosti

Keza anaota meno. Sijalala. Nimefua mashuka ya nyumba ya wageni kule ufukweni mpaka vidole vimekunjamana kama vya bibi. Wageni wa Kigali wanakunywa kama vile kesho pombe itapigwa marufuku, asubuhi wanashika vichwa na kuomba kufa. Na wakitaka kupona wanakwenda wapi? Kwa Xavérine! Jirani yangu, mwenye supu ya sambaza, samaki wale wadogo wa ziwani, na pilipili ya kumfufua maiti. Foleni yake inaziba lango langu. Leo kaniambia nisogeze ndoo, wateja wake wasijikwae. Ndoo zangu! Kwenye lango langu!

Nikiwa ninamnyonyesha Keza nimeona kwenye simu: huko kwa matajiri mlevi anaitiwa mtu nyumbani, anatundikiwa serumu, yale maji ya mshipani, baada ya muda anacheka. Nikakaa wima. Keza kaniuma. Sikusikia hata.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimempigia binamu yangu Alliance wa Goma. Anapiga deki katika zahanati moja kule. Anasema kazi ya serumu ameiona mara nyingi: "Iko mwepesi kabisa, mutu anatafuta mushipa, anatoboa, bon, imeisha." Mchana amevuka mpaka na mifuko ya serumu chini ya mboga. Nimeuliza imetoka wapi. Amesema ilibaki. Sikuuliza ilibaki kwa nani.

Jean de Dieu, mume wangu, ameuliza kama kazi hiyo haihitaji daktari. Nimemwambia ni maji na chumvi tu, hata jikoni vipo. Amenyamaza. Ninampenda anaponyamaza.

Ijumaa, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria

Kesho ni gusaba ya mdogo wangu Uwera. Ukoo wa mchumba unatoka Kanama kuja kumwomba, hapa kwangu. Baba hayupo tena, kwa hiyo msemaji wetu ni Mjomba Anastase. Kazi yake ni kuwazungusha wageni kwa maneno, kujifanya hatumjui Uwera wala jina lake, kukataa kwa utani, halafu kukubali. Bila mdomo wake hakuna gusaba. Uwera amemsihi: Mjomba, leo usinywe. Mjomba akasema anakwenda kupima sauti tu.

Amepima sauti mpaka jioni. Amerudi amebebwa, anamwimbia mbuzi wa jirani. Uwera analia. Na mimi? Mungu anisamehe. Nimeona mteja wa kwanza.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi Mjomba anaomba tumchinje. Uwera anaomba vilevile. Nimesema kwa upole, lakini kwa sauti ile ninayotumia kumpa Keza dawa: Mjomba, nyoosha mkono. Akanyoosha. Alliance ametundika serumu kwenye kulabu ya chandarua, kando ya dirisha. Akatafuta mshipa hapa, akatafuta pale. Mjomba akauliza kama tunachimba viazi. Hatimaye imekaa! Nimefungulia maji yashuke mbio, wakwe wako njiani.

Godoro likalowa. Nikamgombeza Keza kwa kukojoa.

Ndipo Xavérine akachungulia dirishani. Akaona serumu. Mfuniko wa sufuria ukamdondoka.

Nilisahau kitu kimoja. Kwetu hapa mlevi hatundikiwi serumu. Anayetundikiwa serumu nyumbani ni yule ambaye hospitali imesema mrudisheni akaage watu wake. Mara ua umejaa watu. Uji. Maziwa. Kikundi cha sala kikaanza wimbo wa kumsindikiza marehemu, na Mjomba, kichwa kinapasuka, akauliza nani amefariki. Wakalia zaidi. Wakwe nao walishapigiwa simu. Wakashuka kwenye gari kimyakimya, bia wakaiacha ndani kwa heshima. Msemaji wao akapiga magoti kando ya kitanda, akasema Mzee asijichoshe, lolote atakalosema wamelikubali.

Uwera alinitazama. Sitaandika alivyonitazama.

Kwenye kikundi cha sala yumo Nyirasafari, muuguzi wa kituo cha afya. Kwanza alifunga maji. Halafu akauliza jambo ambalo sisi hatukuuliza: Mzee anatumia dawa gani? Mjomba akaonyesha koti lake. Vidonge vya moyo! Nyirasafari hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema moyo wa namna hii, maji mengi hivi, mbio hivi, mapafu yanaweza kujaa, mtu akazama akiwa kitandani. Niliona jeneza. Yebaba we! Nikamwomba Mungu aniachie Mjomba wangu, hata mlevi, hata akiimba na mbuzi kila siku.

Nyirasafari akamshika mkono: umevimba kama mkate. Akapapasa godoro. Akacheka! Sindano haikuwa kwenye mshipa. Maji kidogo yameingia chini ya ngozi, mengine yote godoro limekunywa. Asante Alliance kwa kutojua kazi! Nilimbusu Keza, maana nilimsingizia. Nikamtafuta Alliance nimkumbatie. Alishaondoka, eti mpaka unafungwa. Jua likiwa utosini!

Mjomba akapelekwa kituoni, akapimwa, akarudi kwa miguu yake. Xavérine akaleta bakuli la supu. Nyirasafari akaruhusu vijiko vichache tu, sababu ya chumvi. Xavérine alimlisha huku akinitazama mimi. Sawa. Leo aringe.

Gusaba ikafanyika, fupi kuliko zote. Mjomba, mkono umefungwa kitambaa, akasimama na kusema leo amekataa jambo moja tu, kufa; la binti amekubali. Vigelegele! Bia ikatoka garini. Mjomba akapewa maziwa. Uwera alicheka mpaka akalia. Mi nililia tu.

Jumapili, 17 Agosti

Nyirasafari amekuja baada ya misa, amechukua mifuko iliyobaki. Ameniuliza: Mama Keza, huyu mtoto akitobolewa na mtu aliyeona kazi kutoka mlangoni, ameshika ufagio, utakubali? Nikasema nitamvunja huyo mtu mkono. Akanitazama, akabeba mifuko, akaenda.

Nimemwapia Keza: sindano, hapana tena. Jino lake limetoka. Tumelala wote wawili kama magunia.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Mjomba mzima. Uwera ana mchumba. Donc, kwa hiyo, sindano haina kosa, haikuingia hata! Kosa ni dirisha.

Alliance amepiga simu. Serumu imebaki tena.

Nimeshona pazia zito la kijani, hata jua haliwezi kuchungulia. Nimelifunga mchana huu nijaribu. Jean de Dieu ameuliza la nini. Nimesema mbu. Amenyamaza.

Sijashuka hata kwenye kiti, Xavérine yuko mlangoni na sufuria ya uji, kitenge cha msiba kichwani. Ameona dirisha limezibwa mchana, kama la wafiwa; anauliza nani amefariki.