Sharti Avue Plastiki

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba tatizo la ziwa limekwisha. Kamati ya Kudhibiti Plastiki Zisizoonekana, ambayo mimi Mayige ndiye katibu wake, iliketi hapa Nassa na kuazimia kwamba plastiki hizo hazitakiwi tena majini. Azimio lilipita bila kupingwa. Plastiki zenyewe hazikutuma mwakilishi.

Mtaalamu wetu, Violeth, alieleza kwamba nguo ya poliesta ni plastiki iliyosokotwa. Ukiifua inatoa vinyuzi visivyoonekana kwa macho, vinaingia ziwani, samaki anavila, nasi tunamla samaki. Akashauri lijengwe karo la kufulia mbali na ufuko, lenye chujio la mchanga. Kamati iliupokea ushauri kwa moyo mkunjufu na kuuweka kwenye mchakato. Fungu lililokuwepo tulikuwa tumeshalielekeza kwenye uhamasishaji, yaani fulana za njano za poliesta zilizoandikwa ZIWA NI UHAI.

Ikabaki kumpata mchafuzi. Hakutusumbua: ni Minza, anayefua nguo za watu pale ufukweni na kusomesha wanawe kwa povu hilo hilo. Tukampiga marufuku.

"Sasa wanangu nitawalisha fulana?" aliniuliza.

Sisi hatuna roho mbaya. Tukampa cheo cha Mlinzi wa Mstari, yaani mpaka tuliouweka mita sitini kutoka majini. Mshahara wake uko kwenye mchakato. Hapo mstarini nikasimamisha kibao nilichokitunga mwenyewe, maana Kiswahili nakimudu: ATAKAYEVUKA HAPA SHARTI AVUE PLASTIKI. Nilimaanisha akazivue ziwani, kama mtu avuavyo sangara. Kila mwenye akili timamu angeelewa.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi, Mheshimiwa Ngeleja, na msafara wake kutoka Bariadi. Tukamvisha fulana, wote tukawa njano tupu. Ngoma zikalia, tukaongozana kwenda majini kupigwa picha. Mstarini alikuwa amesimama Minza na fimbo ya kuchungia ng'ombe.

"Mwangaluka, baba," akasalimia, akapiga goti.

"Mwangaluka, mayu," Mheshimiwa akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tupishe tupite."

"Karibu sana. Ila kibao kinasema uvue."

"Nivue nini?"

"Plastiki. Hiyo fulana."

Mheshimiwa akanigeukia. Nikamfafanulia Minza, kwa upole wa kiofisi, kwamba neno kuvua lina maana mbili.

"Najua, katibu. Ya majini mtavua mkifika. Ya mwilini mnavua hapa."

Mheshimiwa akamwita Violeth atoe tafsiri ya kitaalamu. Violeth akaikunjua lebo shingoni mwa Mheshimiwa, akasoma: poliesta tupu. Wapiga picha, ambao walikuwa wanatusubiri majini, wakaanza kuja mbio.

Mheshimiwa akavua, akabaki na singlendi. Nasi wajumbe, kwa kuzingatia itifaki, tukavua. Mimi siku hiyo sikuvaa singlendi. Niliona aibu, siwezi kuficha.

"Asanteni," Minza akasema. "Na suruali je?"

Suruali ya Mheshimiwa ilikuwa ya zile zisizojua kukunjamana. Akaitazama, akatazama kamera.

"Na hiyo kanga yako?" akauliza kwa ukali.

"Pamba, baba. Kaka yangu anailima Lalago."

Mkoa wetu wote unalima pamba. Pale mstarini aliyeivaa ni yeye peke yake.

"Mayu," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini, mkono umeshika mkanda, "hivi wewe unataka nini hasa?"

"Lile karo la mchanga, baba. Nirudi kufua."

Karo likatoka kwenye mchakato papo hapo. Mheshimiwa akalitangaza mbele ya kamera akiwa mstarini, suruali yake ikiwa mahali pake, na akaagiza msingi uchimbwe na wajumbe wa kamati. Tulichimba.

Sasa Minza anafua huko juu, na wateja ni wengi. Jana nami nilimpelekea furushi langu, maana nguo safi zimeniishia na kesho nina kikao. Akalipokea kwa moyo mkunjufu, akaliweka kando, akaniambia liko kwenye mchakato.