Malalamiko Kuhusu Zoezi la Kulala Chali

Kikundi cha Akina Mama cha Tujaribu,
Mayoni.
17 Agosti 1979

Kwa Bi. Dorcas Chemutai,
Afisa wa Mazoezi na Afya ya Akina Mama,
Kakamega.

Kwako Madam Chemutai,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa sababu yako.

Mimi ni Rosebella Khalayi, katibu wa kikundi hiki. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, waume zetu walikutana kwa liguru wetu, mkuu wa kijiji Mzee Hezekiah Wanyama, wakaamua kwamba mazoezi uliyotuletea yakome. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, niliambiwa niyaandike malalamiko kwa adabu na niyape namba. Nitajaribu.

Mwezi wa Juni ulikuja kwenye baraza ukasema wakubwa wako wamegundua kwamba akina mama wa siku hizi hawafanyi mazoezi ya kutosha, hasa huku kwenye miwa ambako maisha yamekuwa mazuri. Tuligeuka kutazama nyuma kama kuna akina mama wengine wamesimama huko. Hawakuwako. Ikaamriwa hapo hapo kwamba kila Jumatano saa tisa alasiri wanachama wote ishirini na watatu tufike kwenye uwanja wa shule, na mume yeyote asimzuie mkewe. Tulitii. Yaliyotupata ni haya:

1. Kutembea. Ulisema kila mmoja atafute nusu saa kwa siku ya kutembea tu. Mwenyekiti wetu, Mama Awinja, huenda kisimani mara tatu kabla jua halijawaka vizuri. Kuni nazo huzifuata mbali, karibu na Musanda, kwa maana vichaka vya hapa vyote vilifyekwa vikapandwa miwa. Alitaka kujua kama safari hizo zinahesabiwa, au ni lazima mikono iwe mitupu. Ukamjibu kwamba ni vizuri zaidi ikiwa mitupu. Basi kesho yake akatoka bila mtungi, bila jembe, bila mtoto, akashika barabara. Watu watatu walimsimamisha kumuuliza ni nani amefariki. Wa nne hakuuliza, alimfuata nyuma akilia. Mama Awinja aliona aibu kumrudisha, wakaenda pamoja hadi sokoni.

2. Kuinama. Ulipuliza firimbi ukatuambia tuiname hadi tuguse vidole vya miguu, mara kumi. Madam, siku hiyo tulikuwa tumetoka kupalilia miwa tangu asubuhi. Kuinama tunakujua. Tuliinama wote kwa pamoja ukatusifu sana, lakini ulipopuliza firimbi mara ya pili ili tusimame, ni wewe peke yako uliyesimama. Tunaomba, kama lipo, zoezi la kunyooka.

3. Kubeba chupa. Ulimpa Mideva chupa iliyojaa mchanga ili aiinue na kuishusha, mikono ipate nguvu. Mideva ni mdogo wa mwili, lakini hubeba mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, na wa pili humvuta kwa mkono. Aliipokea kwa heshima, akauliza inapelekwa wapi. Ukamwambia haipelekwi popote. Tangu siku hiyo haamini kwamba ofisi yako ina watu wenye akili timamu, ingawa anasema wewe mwenyewe una roho nzuri.

4. Kulala chali. Hili ndilo lililowakasirisha waume zetu.

Jumatano ile ya kwanza, baada ya kukimbia bila kwenda mahali, ulituambia tulale chali kwenye nyasi, tufunge macho, tupumue polepole na tusifikirie chochote. Hakuna aliyewahi kutupa amri kama hiyo. Mimi nilijaribu kutofikiria chochote, nikafikiria maharagwe niliyoacha motoni, halafu sikumbuki tena. Sote tulilala usingizi. Tulikuwa wanawake ishirini na watatu kwenye uwanja wa mpira, mchana kweupe. Watoto wa shule walipita kando wakinyata, kwa kuwa hawakuwahi kuona mama zao wakiwa wamefumba macho.

Ulipopuliza firimbi, ishirini na wawili tuliamka. Mildred, mke wa Osundwa, hakuamka.

Ulimtikisa, akafungua macho lakini hakuweza kukaa. Uligeuza viganja vyake, ukavuta kope ya chini. Nilikuwa karibu nikaona ndani ya kope palivyokuwa peupe. Ukamuuliza kizunguzungu kilimwanza lini. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, mwaka jana mwezi wa Novemba, na kwamba alidhani ni uzee. Mildred ana miaka thelathini na moja.

Ulimpakia kwenye Landrova yenu, mimi nikamshika kichwa njia nzima hadi Kakamega. Pale hospitali walisema damu imebaki kidogo kiasi kwamba hawakuelewa aliufikiaje uwanja wa shule kwa miguu yake. Sikuwaambia kwamba kabla ya uwanja alikuwa amepalilia mistari sita. Aliwekewa chupa mbili za damu, akalazwa siku tisa. Siku ya pili nilipomtembelea alikuwa amefunikwa shuka safi hadi kidevuni. Alinivuta karibu akaniambia, "Rosebella, usiwaambie nimepata nafuu."

Sasa msikilize mumewe. Osundwa alisimama mbele ya wazee Jumapili akasema, "Mke wangu huwanga mzima siku zote. Nilimpeana kwa mazoezi akiwa mzima, nikarudishiwa mgonjwa." Wazee walikubaliana naye. Kama Mildred hangelala chini, hakuna ambaye angejua ni mgonjwa, na angeendelea na kazi zake vizuri hadi mwisho.

5. Hasara iliyompata Osundwa. Kwa siku tisa aliteka maji mwenyewe. Siku ya kwanza alirudi na nusu mtungi, nusu nyingine ikiwa kwenye shati. Alipika obusuma, ugali wetu, ambao chini ulikuwa umeungua na juu ulikuwa unga, watoto wakaula katikati. Siku ya nne alikuja kwangu kuuliza ni wapi Mildred anapochuma mboga. Nikamwonyesha. Ni mwendo wa saa nzima, kwa sababu yeye mwenyewe alipanda miwa hadi kwenye ukuta wa jikoni. Alitazama ile njia, akaitazama miwa yake, akaenda.

Mildred aliporudi alikuwa na karatasi ya daktari: ale maini, maharagwe na mboga za kijani, asibebe mzigo mzito, na apumzike kila mchana kwa miezi mitatu. Osundwa alinipa karatasi hiyo nimsomee. Nilipomaliza aliniambia nirudie pale pa mboga. Siku iliyofuata alichukua panga akakata miwa iliyokuwa nyuma ya jikoni, akang'oa na mashina, akapanda kunde na sukuma. Miwa yenyewe ilikuwa haijakomaa. Anataka ofisi yako ijue kwamba aliikata kwa hasira.

6. Magonjwa kuongezeka. Baada ya Mildred, kila mmoja alitaka kope yake ivutwe. Jumatano iliyofuata ulikuja na muuguzi, mkatukagua mmoja mmoja, na kumi na wanne wetu tukakutwa na upungufu wa damu, nikiwemo mimi. Wazee wamepiga hesabu wakaona wazi: kabla hujaja, Mayoni ilikuwa na wanawake wagonjwa sifuri. Sasa ina kumi na watano. Hakuna ugonjwa wowote uliowahi kuenea kwa kasi hiyo bila mtu kuuleta.

Kwa sababu hizo, wazee wanaomba kwa heshima:
(a) Mazoezi ya Jumatano yakome mara moja.
(b) Ututoe kwenye orodha ya wanawake wasiofanya mazoezi.
(c) Uturudishie afya tuliyokuwa nayo mwezi wa Mei.

Barua hii imesomwa kwa sauti mbele ya liguru na wazee tisa, na imepitishwa bila kupingwa. Mzee Hezekiah ameongeza kwa mdomo wake kwamba hana ubaya na wewe, na kwamba ukipita tena kwake utachinjiwa ingokho, kuku wa mgeni.

Wasalimie wote wa ofisini, dereva wa Landrova na mama mzazi wako. Mideva anakusalimu. Mama Awinja anakusalimu, na yule aliyemfuata akilia anauliza mazishi yalikuwa ya nani.

Wako mtiifu,
Rosebella Khalayi,
Katibu.

N.B. Sehemu hii haikusomwa mbele ya wazee.

Madam, tafadhali usituache. Andika jibu haraka, lenye muhuri mkubwa, na useme kwamba malalamiko yamepokelewa, yamechunguzwa, na kwamba kwa utovu wa nidhamu kikundi cha Tujaribu kinaadhibiwa kufanya mazoezi kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Muhuri wataogopa. Kukimbia, kuinama na ile chupa unaweza kuviondoa kabisa, lakini kulala chali kuwe kwa saa nzima, kwa sababu bado hatujakuweza vizuri na tunahitaji kufundishwa tena.

Mildred anapumzika kila mchana bila hofu, kwa vile karatasi yake ina sahihi ya daktari. Jana nilimpitia nikamkuta amelala mlangoni, na Osundwa ameketi kando yake akichambua kunde. Aliponiona aliweka kidole mdomoni ili nisimwamshe. Halafu aliinuka akanifuata hadi njiani, akaniuliza polepole kama Jumatano kuna nafasi ya wanaume.